Zambarau na Kijivu

Machi 2

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika leo. Ninaandika kwa sababu Baba na Shemeji wamegombana, nami nimepewa uhakimu ambao sikuuomba.

Mambo yenyewe ni haya. Mashine yetu ya msasa imekufa. Ilikuwapo karakanani tangu nikiwa mtoto wa kuokota maranda, kwa hiyo haikufa kijana. Lakini imekufa wakati mbaya, kwa sababu tumepata kazi ya milango ya bweni la shule, milango mingi kuliko tuliyowahi kutengeneza kwa mkupuo mmoja, na Mwalimu Mkuu anaitaka kabla wanafunzi hawajarudi. Tukimwangusha, kazi za shule ile hatutazipata tena, na siku hizi hizo ndizo zinazotuweka mjini.

Basi jana Shemeji, mume wa Dada yangu, akaja na mashine mpya ndani ya boksi. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Mashine ni ya rangi ya zambarau, bei yake nafuu, na kwa maneno yake "inafanya kila kitu kinachofanywa na hizo za majina makubwa." Baba hakuigusa hata boksi. Akasema anataka ile ya kijivu, ya kampuni inayouzia mafundi wa viwandani, ambayo Shemeji haiuzi. Shemeji akacheka, akasema, "Mchagua jembe si mkulima, Baba."

Maneno hayo humwambii mtu aliyeshika randa kabla wewe hujazaliwa. Baba akamjibu kwamba rahisi huvunja upishi. Methali zikaruka huku na huku mpaka Dada akauliza kama tutafute na ngoma kabisa. Mama ndiye aliyekata shauri: nunueni zote mbili, mfanyie kazi, huyu binti aandike, mvua zikiisha tutajua nani mkweli. Wote wakakubali, maana kila mmoja ana uhakika atashinda.

Mashine nimezipa majina, Zambarau na Kijivu.

Machi 3

Zambarau imefanya kazi. Kijivu imefanya kazi. Baba kanuna kwa sababu Zambarau imefanya kazi.

Machi 5

Leo nimezipima kwa haki. Mlango mmoja, upande huu Zambarau, upande ule Kijivu, karatasi za msasa za aina moja.

Zambarau inapiga kelele kama inafukuzwa, na mfuko wake wa vumbi unachomoka kila ukigeuka. Nilipoizima, mikono yangu iliendelea kuvuma yenyewe. Nikashika kikombe cha chai, nusu ya chai ikaishia kwenye sahani. Kijivu inanguruma kwa adabu, unaishika huku ukiwaza mambo yako. Hapo nikadhani hukumu nimeshaipata. Kisha nikafumba macho nikapapasa ule mlango, upande huu na upande ule, na sikuweza kuzitofautisha. Ulaini ni uleule. Mwalimu Mkuu naye hataona tofauti. Sasa kama mlango haujui, sisi tunagombania nini?

Halafu likatokea jambo la ajabu zaidi. Baba alikuja, akatazama mashine zote mbili pale mezani, akachukua Zambarau. Yeye aliyekataa kugusa hata boksi lake! Akasema, "Hii nitashika mimi. Wewe kaa na hiyo ya kijivu."

"Lakini Baba, wewe ndiye uliyeitaka ya kijivu."

"Nimesema kaa nayo."

Nilipomweleza Mama, akasema mwenye adui humweka karibu. Mimi ninavyoona, Baba anataka kuiua Zambarau kwa mkono wake mwenyewe, ili asihukumiwe na mtu mwingine.

Machi 8

Mbao zimelowa, msasa unaganda. Hakuna la kuandika.

Machi 11

Mtaa mzima unamjua Baba kwa kiganja chake. Mashine yako ikikusumbua, unamletea, anaiwasha, anaiwekea kiganja mgongoni, anafumba macho, kisha anakwambia: beringi imekwisha, au koili inachoka, au nenda zako haina kitu. Hakosei. Nimekua nikiona watu wakiondoka pale wameridhika kama waliotoka kwa mganga.

Leo fundi bomba, jirani yetu, kaleta drili yake. Mimi ndiye niliyeipokea na kuiwasha, na mkononi nilisikia kitu kinasaga ndani, kama mchanga kwenye meno. Baba akaiwekea kiganja. Akafumba macho muda mrefu. Akasema, "Nzima. Nenda kafanye kazi."

Nikamrudishia fundi bomba drili yake. Ningesema nini? Mikono hii yangu amenifundisha yeye. Nikajiambia Zambarau imeniharibu, nasikia mchanga usiokuwapo.

Machi 12

Drili ya fundi bomba imeganda kabisa. Baba anasema mvua imeingia ndani. Huenda.

Machi 16

Zambarau imekufa. Ilianza kunuka baada ya chai ya asubuhi, ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Baba aliishikilia kidogo kama anayesubiri ijitetee. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi. Akaivingirisha kwenye gunia, akasema, "Twende dukani kwa mkwe."

Kulikuwa na mvua, hatukungoja ikatike. Dukani wateja walikuwa wamejaa, wengine wakinunua, wengine wakikimbia mvua tu. Shemeji alikuwa anamwonyesha mtu Zambarau nyingine, boksi liko wazi. Baba akaiweka ile iliyokufa juu ya kaunta, ikidondosha maji, akasema kwa sauti ambayo hata walioko barazani waliisikia: "Mkwe wangu, hii takataka uliyoniletea imeungua. Kama unawauzia hivi watu usiowajua, sawa. Lakini mimi ni baba wa mkeo."

Wateja wakageuka. Yule mteja akairudisha mashine ndani ya boksi taratibu, akafunga kifuniko, akaanza kuuliza habari za misumari. Shemeji akainama chini ya kaunta. Akatoa Zambarau mpya, akaisukuma mbele ya Baba, akaenda nyuma stoo na hakurudi. Dada alikuwa amesimama pembeni na ufagio. Hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

Njiani nilitaka kumwambia Baba kwamba mtu hatahayarishwi hivyo mbele ya riziki yake.

Machi 17

Jumapili. Dada huja na watoto kila Jumapili. Hajaja. Mama kapika chakula cha watu wengi, tumekula watu watatu.

Machi 21

Nimegundua kitu, na afadhali nisingegundua.

Nilikuwa nasimamisha fremu ukutani, Baba akiwa mezani na Zambarau ya pili. Nikatazama mabega yake. Analala juu ya mashine! Uzito wote, mpaka kelele yake inabadilika inakuwa ya kulia. Baba, ambaye neno lake la kwanza nilipoanza kazi lilikuwa kwamba mashine ya msasa haikandamizwi, inasindikizwa tu. Nilikuwa nikipigwa kofi la kisogoni kwa kukandamiza nusu ya vile.

Kwa hiyo nilichodhani kwa utani ni kweli. Anaiua makusudi. Anaiua ili amshinde Shemeji, na kwa ushindi huo Dada hafiki kwetu na wajukuu hawamwoni babu yao. Nimekasirika mpaka nimekosea vipimo vya fremu.

Nimeamua kubadilisha. Kesho nitashika Zambarau mimi. Tuone nayo itakufa kwa nani.

Machi 22

Nilimwambia Baba kwa upole wa kinafiki, "Wewe ni mkubwa, chukua kilicho bora. Zambarau nipe mimi."

Akageuka akanifokea, tena kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utotoni: "Nilikwambia ushike ya kijivu! Husikii?"

Nikasema sishiki. Nikasema nimepewa kazi ya kuamua na sitaamua mashine nisiyoitumia. Akanitazama, midomo ikamchezacheza, kisha akaichukua Kijivu akaenda nayo kwenye kona yake. Nilidhani nimemshinda. Sasa naandika na sijui kwa nini sifurahi. Mtu anafokea vile kwa sababu ya mashine?

Machi 25

Zambarau nzima. Mikono inaniwasha.

Machi 28

Zambarau nzima. Nikiamka asubuhi vidole vinanichomachoma kama nimevilalia. Mama kanikuta navisugua, akauliza nina nini, nikasema baridi. Aliviangalia muda mrefu kuliko swali lake lilivyostahili.

Aprili 2

Kijivu imeungua.

Nimeandika mstari huo nikauangalia, kwa sababu haukai sawa. Kijivu, ya viwandani, ya jina kubwa, imeungua mkononi mwa Baba, na Zambarau, takataka iliyotukanwa mbele ya duka zima, iko mezani kwangu inangoja kesho.

Kila aliyepita karakanani ana maelezo yake. Fundi umeme anasema mvua hizi zinashusha umeme, na umeme mdogo unaua mashine kubwa kwanza. Mwalimu Mkuu, aliyekuja kuangalia milango yake imefikia wapi, anasema siku hizi hata ghali ni bandia. Fundi bomba anasema tumerogwa, lakini yeye tangu drili yake igande anaona kila mtu karogwa. Wakala wa kampuni aliifungua mbele yangu, akanionyesha ndani kulivyokuwa kweusi, akasema, "Hii imekandamizwa, dada. Nani anaitumia?" Nikasema tutaangalia. Wataitengeneza.

Baba hakulaumu kitu. Si umeme, si bandia. Alikaa juu ya rundo la mbao, mikono ameiweka makwapani.

Shemeji alipata habari, maana habari mbaya hazihitaji nauli. Akanipigia simu. Nilijiandaa kuchekwa. Akasema tu, "Pole, shemeji. Mzee hajambo?" Nikasema hajambo, nikakata simu. Angecheka ningejua la kumjibu.

Aprili 3

Nimesoma yote niliyoandika tangu mwanzo. Zambarau ikiwa kwangu inaishi, ikiwa kwa Baba inakufa. Kijivu vilevile. Basi si mashine, ni Baba. Hapo nimefika. Lakini kwa nini? Kuiua Zambarau nilikuwa nimeelewa, hata kama sikupenda. Kijivu ni yake, aliitaka mwenyewe, aliipigania. Au hataki kazi hii imalizike? Au hataki imalizike na mimi nikiwa naiweza? Mafundi wengine huwa hivyo, wakiona mwanafunzi amekaribia kuwafikia wanaficha patasi. Sikuwahi kumdhania hivyo Baba.

Aprili 6

Nimemwambia Mama ninachofikiri. Alikuwa anamfunga Baba vifungo vya shati kabla hajatoka, nikangoja Baba aende. Huwa nawatania kwa hilo, nasema mapenzi yao yameanza upya uzeeni, Mama anacheka. Leo sikutania. Nikasema Baba anatuangusha makusudi.

Mama akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Mwache baba yako," akasema.

"Nimwache aharibu?"

"Nimesema mwache, mwanangu."

Katika nyumba hii kila mtu ananiambia nifanye kitu na hakuna anayeniambia kwa nini.

Aprili 10

Nitaandika ilivyokuwa.

Kijivu ilirudi kutoka kwa wakala jana, na Baba akanirudishia mimi, akaichukua tena Zambarau. Leo mimi nilikuwa barazani napaka vanishi milango iliyo tayari, Baba ndani akipiga msasa. Nilisikia kelele, nikajua ni Zambarau, nikajua anaikandamiza, nikasema moyoni ifilie mbali. Nikaendelea kupaka. Harufu ya kuungua ikaja. Nikasema haya, ndiyo hiyo, ya pili inakufa, na sikunyanyuka. Halafu harufu ikabadilika. Haikuwa ya koili peke yake.

Nikakimbia. Moshi ulikuwa unatoka kwenye matundu ya mashine, chini ya kiganja chake, na kiganja kiko palepale kimefumba. Anaendelea kusukuma. Nikang'oa waya ukutani. Akageuka kunitazama kwa hasira, kama mtu aliyezimiwa taa.

"Mbona umezima?"

"Baba, iachie!"

"Niachie nini?"

"Mkono wako!"

Akatazama chini. Akafumbua vidole, na ngozi ya kiganja ikabaki pale kwenye plastiki. Sikusikia akipiga ukelele. Aliuinua mkono akaugeuza huku na huku, kama unavyogeuza kitu cha mtu ulichookota njiani. Mimi ndiye niliyepiga ukelele.

Mama alitoka jikoni na beseni la maji. Hakuuliza imekuwaje. Akamkalisha, akauingiza mkono majini, na katika uso wake nikaona hofu, lakini mshangao sikuuona. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa vyote kwa pamoja: drili ya fundi bomba, mabega, vifungo.

"Mama, ulijua."

"Nilijua."

"Hasikii kitu mikononi."

Mama akasema bila kuinua macho, "Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniapisha."

Baba alikuwa kati yetu, mkono majini, akisikiliza tunavyomzungumza kama hayupo. Akasema polepole, "Siikandamizi makusudi. Nikishika kidogo sijui kama nimeshika."

Nami nilimdhania kijicho. Wiki nzima nilimdhania kijicho.

Aprili 11

Hospitali. Daktari ni mwanamke mpole, mwenye haraka. Alimchoma Baba vidole kwa ncha ya kitu, kimoja kimoja, amemfumba macho, akimuuliza wapi. Baba akawa anakisia. Nilijua anakisia kwa sababu namjua anavyokisia bei. Daktari akauliza kazi yake, kisha akauliza mashine.

"Za kila namna," Baba akasema. "Ujana wangu nilikuwa kiwanda cha samani. Hatukuchagua, tulipewa zilizokuwapo. Zile za rahisi zilikuwa zinatutetemesha mpaka meno. Tukitoka kazini tunacheka, hakuna anayeweza kuwasha kiberiti."

Daktari akasema mitetemo ile inaua mishipa ya fahamu taratibu, miaka na miaka, na iliyokufa hairudi. Kidonda kitapona. Kazi ya mashine, basi. Alilisema neno basi kwa upole kabisa, na lilikuwa baya vilevile.

Baba akainuka kitini. Akanyoosha mkono uliofungwa bandeji, akanionyesha mimi. "Na huyu?"

Daktari akanipima. Vidole vyangu vinasikia vyote. Lakini aliposikia vinawasha asubuhi, akatikisa kichwa, akasema huko kuwasha ni hodi, na ukipigiwa hodi unafungua kabla mlango haujavunjwa. Baba akanigeukia, macho mekundu. "Umesikia? Umesikia sasa?"

Tulikaa kwenye benchi la nje kungoja dawa.

"Ndiyo maana ulinipa Kijivu," nikasema.

"Ndiyo maana niliitaka. Mimi ningeitakia nini? Mikono yangu imeshakufa, haina cha kupoteza. Nikasema ya kutetemesha nishike mimi, wewe ushike tulivu."

"Ulisema nishike. Hukusema kwa nini."

"Ningesemaje?" Akautazama mkono wa bandeji. "Fundi akisema hana mikono, anabaki nani?"

Dirishani wakaita jina lake. Nikaenda kuchukua dawa.

Aprili 14

Nina hasira naye. Najua sistahili kuwa nayo na ninayo. Angesema neno moja, Shemeji asingetukanwa, kiganja chake kingekuwa kizima, nami nisingemchukia baba yangu kwa kitu ambacho hakukifanya. Nampenda na nataka kumzaba maneno. Nimepiga msasa mlango mmoja mara mbili kwa kutojua nimeshaupiga.

Aprili 19

Ninafanya kazi na Kijivu peke yangu. Baba anakuja karakanani, anakaa, anasema pale pamebaki, nasema naona, anasema kama unaona mbona hupapigi. Jana tuligombana kweli. Leo hakuja. Mama anasema amelala akitazama dari.

Karakana ikiwa kimya hivi naisikia mvua yote.

Aprili 26

Milango imekwenda yote. Mwalimu Mkuu aliupitishia mkono mlango wa mwisho, akasema, "Kazi ya mzee haijifichi."

Baba alikuwa ametoka kusaidia kuhesabu makomeo. Akasema, "Si yangu. Ni ya binti yangu." Akaingia ndani.

Nilikuwa nikiingoja sentensi hiyo tangu nianze kazi. Imekuja, na nilitamani airudishe.

Mei 3

Siku kadhaa sasa hakuna mvua. Mama kanikumbusha kwamba mimi ni hakimu. Akauliza, "Haya, ipi bora?"

Nikamwambia Zambarau haikumwibia mtu. Milango yake ilitoka laini, na kwa mwenye kutengeneza kabati lake moja kwa mwaka haina ubaya. Kwa mwenye kuishika kutwa, haifai hata bure. Lakini nikisema hivyo Baba anakuwa ameshinda, na hakuna kitu kinachofanana na ushindi hapa. Mama akasema basi usihukumu. Baba, ambaye tulidhani hasikilizi, akasema, "Kesho tunakwenda dukani kwa mkwe."

Mei 4

Tulifika duka likiwa tupu, Shemeji peke yake akipanga mikebe ya rangi. Alimwamkia Baba kwa heshima zote, akamwita Baba kama siku zote, akampa kiti. Baba hakukaa. Akasimama pembeni ya mlango. Nikamnong'oneza, "Si useme, Baba." Akasema, "Watu hawajafika."

Wakafika. Mmoja akitaka bawaba, mmoja bomba, na mwingine seremala wa upande wa sokoni, mikono imejaa makovu ya kazi, akaomba aonyeshwe mashine ya msasa ya bei nafuu. Shemeji akaitoa Zambarau. Hapo Baba akasogea mpaka kwenye kaunta.

"Mkwe wangu," akasema, kwa sauti ileile ya siku ile, "nilikutukana mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu. Mashine yako haikuwa na kosa. Niliikandamiza ikaungua, kwa sababu mikono yangu haisikii. Imekufa. Nilificha."

Shemeji alikuwa ameshika boksi. Alitazama bandeji, akanitazama mimi, akaonekana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha nyingine. "Baba, yaishe," akasema. "Yameisha, Baba." Dada alikuwa ametoka stoo. Alipita chini ya kaunta, akaushika ule mkono wa bandeji kwa mikono yake miwili.

Ingekuwa vizuri tukaondoka hapo. Lakini Baba alikuwa amemtupia jicho yule seremala.

"Unafanya kazi hii kutwa?"

"Kutwa, mzee."

"Vidole vinawasha asubuhi?"

Yule mtu akasita. "Kidogo."

"Basi usinunue hiyo. Nenda duka la pili kutoka hili, ulizia ya kijivu. Kama huwezi yote, lipa kidogo kidogo, au nunueni moja watu wawili."

Nikafumba macho. Amemaliza kuomba radhi, sasa anamfukuzia mteja! Shemeji akashusha pumzi. "Baba, leo umekuja kupatana au kunifungia duka?" Mwenye bawaba akacheka. Shemeji mwenyewe nusu alicheka, nusu hakucheka, na mimi sikujua ipi nusu ya kweli.

Yule seremala hakucheka. Alikuwa anavitazama vidole vyake. Kisha akamtazama Baba kuanzia bandeji hadi viatu, bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua anamsikiliza nani. "Samahani, mzee," akasema. "Kwani wewe ni nani?"

Baba akafungua mdomo. Nikaona anatafuta, na hapati. Nikataka kumsaidia na mimi nikakosa neno, kwa sababu kila nililolifikia lilikuwa limeshachukuliwa pale hospitali.

Shemeji alikuwa ameanza kuirudisha Zambarau kwenye boksi. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni fundi," akasema. "Mwulize unachotaka."

Yule seremala akavuta kile kiti ambacho Baba alikikataa, akamwekea Baba, naye akachuchumaa mbele yake na kuanza kumweleza kazi zake.